Neno na Kazi Yake: Mifano Miwili kutoka Ufipa

Wako wapenzi wa lugha wakusanyao maneno kama watoto wa pwani waokotavyo kombe: huyapenda kwa uzuri wake na kwa uchache wake. Wanafunzi wetu aghalabu hufanya hivyo wajifunzapo Kiingereza. Daftari hujaa maneno ya ajabu, lakini mengi hubaki humo humo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba neno geni hudumu pale linapopewa kazi ambayo neno jingine haliifanyi, na kwamba jambo hili latuhusu sisi tunaokuza msamiati wa Kiswahili.

Tutazame kwanza neno safari, ambalo Kiingereza kililipata kwetu. Kwetu ni mwendo wowote wa mbali, hata wa kwenda matangani. Waingereza walikuwa na maneno yao ya mwendo tangu kale. Kwa hiyo walilibana hili, likawa mwendo wa kuwinda au kutazama wanyama wa porini. Kwa kubanwa huko lilipata makazi.

Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo. Ikulu, neno la Kinyamwezi la makao ya mtemi, sasa ni makao ya rais. Kitivo, kutoka milima ya Upare na Usambara, lilikuwa ardhi yenye rutuba. Leo ni sehemu ya chuo kikuu. Kila moja lilikuta nafasi iliyo wazi.

Sasa twende Ufipa. Milanzi, karibu na Sumbawanga, hutajwa katika mapokeo ya Wafipa kuwa makao ya kale ya watawala wao. Mkulima wa nchi hiyo hulima ntumba. Mtu wa haraka atasema, "Hilo ni tuta tu." Sivyo. Tuta ni udongo ulioinuliwa ili upandwe. Ntumba ni kichuguu cha mviringo ambacho ndani yake nyasi zimefukiwa zioze. Baadaye hubomolewa, na mbolea yake ikatandazwa shambani kwa ajili ya ulezi. Ni tuta na ni samadi kwa pamoja, na Kiswahili hakina neno moja la maana hiyo.

Hata hivyo umbo lake lahitaji uangalifu. Kwa kawaida Kiswahili huidondosha n iliyo mbele ya t, isipokuwa katika maneno mafupi kama nta. Tukiifuata kanuni hiyo tutapata tumba, nalo tayari ni ua lisilochanua, tena ni aina ya ngoma. Kwa maoni yangu afadhali tuiache n mahali pake.

Mfano wa pili ni ilungu, kwa wingi malungu: tanuri la udongo, refu kupita kimo cha mtu, lililotumika kutenga chuma na mawe yake. Lilivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri jingine dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Neno tanuri peke yake halibagui hayo mawili, wala halibagui ilungu na tanuri la mkate au la chokaa.

Lakini kazi ya malungu ilikoma katika karne ya 20, na yaliyosalia ni magofu. Habari zake zilichapwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na tena mwaka 1958, kwa Kiingereza. Mtoto wa Milanzi atakaye kuzisoma habari hizo za mababu zake hana budi kupita mlango wa lugha ya mbali.

Hapo ndipo ulipo wajibu wetu. Ntumba ingali ikilimwa, na mkulima aweza kutusahihisha tukikosea. Ilungu halina tena fundi wa kutusahihisha. Kwa hiyo haitoshi kuandika neno na maana yake kwa mstari mmoja. Yafaa tuandike pamoja nalo hatua za kazi, vyombo vyake, vitenzi vyake, na neno la jirani linalotofautiana nalo. Tuanze na maneno ya kazi zilizokoma, maadamu wapo wazee waliosimuliwa na waliozifanya. Yale ya kazi zinazoendelea yataweza kungoja kidogo.