Matandiko ya kuku: kutumia tena bila kurudisha mikrobe ndani ya banda

Katika parseli mingi za Mangobo, Kabondo ao Lubunga, banda la kuku linafanana: ukuta wa mbao ao wa matofali, bati juu, na chini unga wa mbao ao maganda ya mpunga. Kuku za nyama zinakaa humo wiki 6 ao 7, kisha zinauzwa. Mfugaji anabaki na banda tupu na swali moja: haya matandiko niyatupe, ao niyatumie tena?

Swali hili linagusa usafi, lakini linagusa makuta pia. Kutafuta magunia ya unga wa mbao kwa waseremala, kuyapakiza juu ya toleka, kuyavusha mto kwa mtumbwi kama unakaa Lubunga, hayo yote yanalipwa. Kwa upande mwingine, vifaranga vipya vimenunuliwa mara nyingi na pesa ya likelemba ao ya deni. Vikianza kuhara siku ya tano na kufa kumi kumi, faida ya matandiko ya bure imekwisha, na deni linabaki.

Kutumia matandiko tena siyo makosa. Amerika na Brazili, mashamba makubwa yanaweka makundi mingi ya kuku juu ya matandiko yale yale. Katika inchi mingi za Ulaya, wanabadilisha kila mara kundi moja linapotoka. Wale wanaotumia tena hawaweki tu vifaranga juu ya mavi ya jana: wanatengeneza matandiko kwanza. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka.

Ndani ya matandiko kuna nini?

Kuku inakunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula inachokula, na sehemu kubwa ya maji hayo inaishia chini. Mavi, manyoya, chakula kilichomwagika na maji vinachanganyika na unga wa mbao. Hiyo ni nyumba nzuri kwa mikrobe kama Salmonella, Escherichia coli na Clostridium. Zaidi ya bakteria, kuna mayai ya koksidia, kale kadudu kadogo sana kanakoleta kuhara damu.

Salmonella inaua vifaranga, lakini inaweza pia kukaa ndani ya kuku bila kuonyesha dalili, kisha ikafika kwa mtu kupitia nyama isiyoiva ao yai bichi. Mtu anashikwa na homa, tumbo na kuhara. Watoto wadogo na wazee ndio wanaumia zaidi. Salmonella hiyo ya kuku siyo ile inayoleta tifoidi. Tifoidi inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa maji na chakula kilichochafuliwa.

Unyevu ndio rafiki mkubwa wa mikrobe hizi, na hapa Kisangani hatukosi unyevu. Mvua inanyesha karibu miezi yote, zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka. Matandiko yanayokauka haraka kwenye milima ya Butembo yanaweza kubaki mabichi kwetu wiki nzima.

Juu ya nini Javel haisaidii hapa?

Watu wengi wanachukua Javel, wanachanganya na maji, wanamwaga juu ya matandiko. Hiyo ni kutupa makuta. Klorini ya Javel ikikuta mavi na vumbi la mbao, inaishia kupigana na uchafu huo, inapoteza nguvu kabla ya kufikia mikrobe. Mbaya zaidi, unaongeza maji. Na Javel ikikutana na amonia, ile harufu kali ya mkojo inayotoka kwenye matandiko, inazaa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu. Usifanye hivyo, zaidi sana ndani ya banda lililofungwa.

Javel ina kazi yake: vyombo vya maji, vyombo vya chakula na sakafu ya simenti. Lakini sherti uchafu utoke kwanza. Fagia, osha na sabuni, suuza, acha ikauke, kisha weka Javel. Dawa ya kuua mikrobe haifanyi kazi juu ya kitu kichafu.

Njia ya kwanza: kurundika ili matandiko yajichome yenyewe

Njia yenye nguvu na isiyo na bei kubwa ni joto. Bakteria zinazokula matandiko zinatoa joto zenyewe, na joto hilo linaua mikrobe za ugonjwa. Linapopita digrii 55 kwa siku 3 mfululizo, sehemu kubwa ya Salmonella na E. coli inakufa. Clostridium inajifunika na ganda gumu na inaweza kupona. Ndiyo sababu kurundika hakumalizi kila kitu.

Mara kuku zimetoka, ondoa kuku zilizokufa, plastiki, na mabonge yote yenye maji chini ya vyombo vya kunywea. Kusanya matandiko katikati ya banda kwa rundo moja lenye urefu wa mita 1 kwenda juu ao zaidi. Kamata kiasi mkononi, kaza ngumi, kisha fungua. Kikibaki mavumbi tu, nyunyizia maji kidogo. Kikishikamana kidogo, ni sawa. Maji yakitoka kati ya vidole, changanya na unga mkavu. Kisha funika rundo na shitingi.

Kama hauna kipimo cha joto, ingiza fimbo ya chuma katikati ya rundo, ngoja dakika 10, chomoa. Ukishindwa kuikamata kwa mkono, rundo linafanya kazi. Ikiwa vuguvugu tu, rundo ni dogo sana ao ni kavu sana.

Siku ya 4 ao ya 5, geuza rundo: yale ya nje yaende ndani, sababu ya nje hayakupata joto. Funika tena siku zingine 5. Kisha tawanya, fungua madirisha, acha yakauke na amonia itoke siku 3 ao 4 mbele ya vifaranga kuingia. Kwa hiyo hesabu wiki 2 za banda kukaa bila kuku.

Kuna jambo la ukubwa. Banda la mita 4 kwa 5, lenye matandiko ya sentimita 8, linatoa karibu mita kyubu 1.6, na hiyo inatosha kupata joto. Lakini mwenye banda la kuku 50, mita mraba 5 tu, anapata mita kyubu 0.4, na rundo hilo litapoa upesi. Kwake yeye, ni bora kubadilisha matandiko yote. Asichanganye na ya jirani ili rundo liwe kubwa, maana atachukua ugonjwa wa jirani pia.

Njia ya pili: chokaa

Chokaa inakausha matandiko na kuyafanya makali kiasi kwamba bakteria mingi haziwezi kuishi. Inakuja baada ya kurundika, siyo mbele: ukiiweka mbele, inaua zile bakteria zinazotoa joto. Kiasi kinachotumika ni kama gramu 300 kwa mita mraba. Banda letu la mita mraba 20 linaomba kilo 6. Changanya vizuri na reki, kisha acha siku kadhaa.

Chokaa iliyozimwa ndiyo nzuri kwa mfugaji mdogo. Chokaa mbichi ikikutana na unyevu inachoma ngozi, macho na miguu ya vifaranga. Kwa zote mbili, vaa bote, funga pua na mdomo, kinga macho, na watoto wakae mbali. Chokaa itaamsha amonia, usifunge banda. Majivu ya kuni yanasaidia kukausha kidogo, lakini hayana nguvu ya chokaa.

Kona ya vifaranga

Hata kama umefanya yote hayo, fasi ambapo vifaranga vitaanzia maisha, chini ya taa ao jiko la makala, tandika unga mpya mkavu sentimita 3 hadi 5. Kifaranga cha siku moja kinadonoa kila kitu, na tumbo lake halijapata ulinzi. Kisha inama mpaka pua yako ifike kwenye urefu wa kifaranga, ubaki hapo dakika moja. Macho yako yakichoma, na yake yatachoma. Ngoja tena.

Wakati gani usitumie tena hata kidogo

Kama kundi lililopita lilipigwa na Newcastle, Gumboro, Salmonella ao kuhara damu kwa nguvu, toa matandiko yote. Vilevile kama yameloa mvua, yana ukungu, ao yamekuwa ganda gumu. Kwa kuku za mayai, anza na matandiko mapya kila kundi: zitakaa humo zaidi ya mwaka, na Salmonella inaweza kuingia ndani ya yai lenyewe.

Na usijaribu kufunika matandiko machafu kwa antibiotiki ndani ya maji ya kila siku. Dawa hiyo inafundisha mikrobe kuizoea, na mabaki yake yanafika kwenye yai ambalo mtoto wako anakula.

Matandiko unayotoa, usiyatupe kwenye mto Tshopo ao kwenye mtaro wa barabara. Yarundike mbali na kisima. Ukimpa mwenye bustani ya mboga, umuambie wazi kama yameiva ao hapana. Mbolea mbichi ya kuku inapaswa kuingia udongoni miezi 3 hadi 4 mbele ya kuvuna mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Kuku zikianza kufa bila kujua sababu, usingoje kundi lote liishe. Tafuta muganga wa mifugo na umpelekee kuku iliyokufa siku ile ile, ndani ya mfuko uliofungwa. Akipata jina la ugonjwa, ndipo utajua kama matandiko yale yanaweza kubaki ao sherti yatoke.