Majina Mengi, Shina Moja: Nasaba ya Migomba Yetu

Ukipita sokoni Gatumba huenda ukaonyeshwa igisahira, ndizi ya kupika, na igitsiri, ndizi ya pombe. Kila moja ina jina lake na kazi yake. Je, ni koo mbili tofauti?

Wataalamu hutafuta jibu katika DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli. Maandishi hayo yana herufi nne tu: A, T, G na C. Migomba hii hupandwa kwa machipukizi, si kwa mbegu. Kwa hiyo mtoto hunakili DNA ya mama. Mara chache herufi hukosewa katika kunakili, na kosa hilo hurithiwa. Migomba yenye kosa lilelile hukisiwa kuwa na mzazi mmoja, kama vile sisi tunavyozipanga lahaja kwa kufuata mabadiliko ya sauti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, za kupika na za pombe pia, zimetokana na mgomba mmoja. Hivyo igisahira na igitsiri ni ndugu wa shina moja.

Undugu huo una hatari yake: maradhi yakiushinda mgomba mmoja, mingine haina kinga tofauti. Mnyauko wa bakteria, uliothibitishwa nchini Burundi mwaka 2010, haukuchagua jina. Basi tuyahifadhi majina, ila wingi wake usitudanganye kuwa tuna akiba ya mbegu nyingi.