Wasunda na Wageni Wao

Wasunda ni wenyeji wa magharibi ya kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Katika kijiji chao cha Kampung Naga, kando ya mto Ciwulan, nyumba hujengwa kwa mbao na mianzi, zikaezekwa kwa nyuzi za mti wa jamii ya mitende. Kwa kuhofia moto na kutengana kwa wenye nacho na wasio nacho, wanakijiji walikataa kuunganishiwa umeme.

Watalii huwajia kwa wingi. Hata hivyo, Jumanne, Jumatano na Jumamosi ni mwiko kwao kusimulia asili na mila zao. Hivyo mgeni hupata kile tu walichoridhia kukitoa. Utamaduni hudumu pale wenyewe wanapokuwa waamuzi. Wakigeuzwa watazamaji, hubaki ganda lisilo kiini.