Gari Lililosimama Nalo Huchoka: Oili ya Injini Imwagwe Lini?

Jioni katika makutano ya Wandegeya, gari la doria huegeshwa kando ya barabara. Askari wamo kazini, redio ya mawasiliano imewashwa, na injini inaunguruma. Saa nne hupita na gari halijasogea hata hatua moja. Kesho yake dereva hutazama mita ya kilomita, akaona tarakimu zile zile za jana, naye akajiambia kwamba siku ya kumwaga oili bado iko mbali. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Ndugu askari, mita ya kilomita huhesabu mwendo wa magurudumu tu. Haina habari na injini. Pistoni hupanda na kushuka hata gari likiwa limesimama, na oili huendelea kupata joto na kuchafuka. Kampuni ya Ford ya Marekani, ambayo huunda magari ya polisi wa nchi hiyo, imewaelekeza madereva wahesabu kila saa moja ya kuunguruma kuwa sawa na mwendo wa maili 33, yaani takriban kilomita 53. Kwa hesabu hiyo, saa nne za jioni moja pale Wandegeya ni kama safari ya kutoka Kampala hadi Tororo. Jioni 25 za namna hiyo hupita kilomita 5,000, ilhali mita haikuandika hata moja.

KAZI YA OILI

Oili haikuwekwa katika injini kwa ajili ya kulainisha peke yake. Hupunguza msuguano wa vyuma, huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, hukusanya masizi na chembe za chuma na kuzipeleka kwenye chujio, na huzuia kutu. Kazi zote hizo huichosha. Dawa zilizochanganywa ndani yake kiwandani hupungua siku hadi siku, na hatimaye oili hubaki kuwa uji mweusi usio na nguvu.

Injini ya dizeli inayounguruma polepole kwa muda mrefu haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua hupenya kando ya pistoni na kuizimua oili. Safari fupi za mjini nazo zina madhara kama hayo, kwa kuwa unyevu ulioingia katika oili haupati nafasi ya kukauka. Ndiyo maana kilomita zaidi ya 300 za lami kwenda Gulu, kwa mwendo wa wastani, huiumiza oili kidogo kuliko kilomita hizo hizo zilizokatwakatwa kati ya Naguru, Kibuli na Katwe.

KILOMITA NGAPI?

Amri ya kwanza ni kitabu cha gari lenyewe. Vitabu vingi hutoa hesabu mbili. Ya kwanza ni ya matumizi mepesi, ambayo kwa magari mengi ni kilomita 10,000 au mwaka mmoja. Ya pili ni ya matumizi magumu, na mara nyingi ni nusu yake: kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Matumizi magumu ni vumbi, foleni, safari fupi, mizigo mizito na kupanda milima. Nani asiyeitambua Kampala katika maelezo hayo? Na dereva wa lori la jeshi katika barabara za vumbi za Karamoja hana haja ya kuuliza yumo katika fungu lipi.

Kwa hiyo shika kilomita 5,000, ukijumlisha na saa za kuunguruma. Ukinunua gari lililotumika Japani, nawe hujui historia yake, mwaga oili yote mara moja na uanze hesabu yako upya.

KUONGEZA SI KUBADILISHA

Wako madereva wanaoongeza lita moja kila oili inapopungua, wakadhani wamekwisha kuibadilisha. Kuongeza maji safi katika beseni la maji machafu hakuyasafishi. Siku ya kumwaga, mwaga yote injini ikiwa na joto kiasi, na ubadilishe chujio pia.

Kila asubuhi, gari likiwa mahali pa tambarare na injini imezimwa, chomoa kijiti cha kupimia. Kiwango kiwe kati ya alama mbili. Weusi peke yake usikutishe, kwani oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiiwashe injini, mwite fundi. Oili ikinuka dizeli au petroli, nayo imekwisha kuzimuliwa.

Nunua oili ya daraja lililoandikwa katika kitabu, kwa mfano 15W-40, na katika chombo ambacho muhuri wake haujavunjwa, maana oili ya bandia imeua injini nyingi. Ile chafu usiimwage mtaroni. Mitaro mingi ya Kampala huingia katika mfereji wa Nakivubo, na mfereji huo huishia katika ghuba ile ile ya Ziwa Viktoria ambamo mitambo ya Ggaba huteka maji ya kunywa ya mji. Itie katika kopo na uikabidhi gereji.

DAFTARI LA DEREVA

Kila gari liwe na daftari, na ndani yake yaandikwe mambo matatu: tarehe ya kumwaga oili, kilomita za siku hiyo, na saa ambazo gari limeunguruma likiwa limesimama. Dereva anapobadilishwa, daftari libaki na gari. Mkuu wa kikosi alikague kama anavyokagua silaha.

Askari husafisha bunduki kabla haijakwama. Injini nayo yastahili nidhamu hiyo hiyo. Lita chache za oili ni gharama ndogo mbele ya bei ya injini mpya, na injini ikifa usiku katikati ya mwito wa msaada, raia anayeusubiri msaada huo ndiye atakayelipa.