Kazi Kwanza, Sura Baadaye

Mwalimu wa darasa la kubuni michezo ya video akiwaambia wanafunzi wabuni chombo cha ajabu, mara nyingi atapokea michoro ya mapanga yanayowaka moto, fimbo zenye vito na kofia za chuma zenye pembe. Baadhi ya michoro hiyo itakuwa imechorwa kwa ustadi mkubwa, lakini mingi itafanana, kwa kuwa kila mwanafunzi amekumbuka sinema na magemu yaleyale. Tatizo si vipaji vyao. Tatizo ni swali waliloulizwa. Anayeambiwa abuni kitu cha ajabu huiwazia sura yake mara moja, na sura ndiyo inayopaswa kuja mwisho. Kinachotangulia ni kazi: mchezaji akiwa na kitu hiki mkononi ataweza kufanya nini ambacho asingekiweza bila hicho, na ni kipi bado kitamshinda?

Ushahidi mzuri unatoka kwa wanafunzi. Mwaka 2005, katika chuo cha DigiPen kilichopo Redmond, jimbo la Washington nchini Marekani, kundi la wanafunzi lilitoa mchezo mdogo ulioitwa Narbacular Drop. Mhusika wake ni binti mfalme aliyefungwa ndani ya pango, na jambo la kwanza mchezaji analogundua ni kwamba binti huyu hawezi kuruka. Katika magemu ya kuvuka vikwazo, kumnyima mhusika uwezo wa kuruka ni kumnyima karibu kila kitu. Badala yake wanafunzi wale walimpa matundu mawili ya kubandikwa ukutani au sakafuni: ukiingia kwa moja, unatokea kwa lingine. Kampuni ya Valve ilipouona mchezo huo iliwaajiri, na wazo lao likakuzwa hadi likawa Portal, gemu lililotoka mwaka 2007. Humo mchezaji hubeba bunduki isiyopiga risasi, bali inayofungua tundu la buluu na tundu la rangi ya chungwa. Kwa sura ni kifaa cha kawaida tu, cheupe na cha mviringo. Utajiri wake uko katika kanuni moja: kasi unayoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Ukijidondosha kutoka juu ukaingia kwenye tundu lililo sakafuni, utarushwa mbele kwa nguvu kutoka kwenye tundu lililo ukutani, na bonde lisilopitika unalivuka.

Gemu hilohilo lina mfano wa pili, na kwangu huo una uzito zaidi, maana unahusu kitu duni kuliko vyote: boksi. Katika chumba kimoja cha majaribio, mchezaji anatakiwa kubeba boksi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Atalitumia kama ngazi, kama ngao, na kama uzito wa kukandamiza kitufe kinachofungua mlango. Watengenezaji walipowapa watu mchezo huo waujaribu, waliona wachezaji wakiliacha boksi nyuma, kisha wakakwama mbele. Wangeweza kuweka bango la onyo. Wao walilichora boksi alama ya moyo kila upande, wakaliita Companion Cube, na wakaifanya kompyuta inayosimamia majaribio imweleze mchezaji kwamba boksi hilo ni mwenzake. Watu wakaacha kulisahau. Tena wakalipenda, kiasi kwamba mwisho wa chumba, wanapoamriwa kulitupa kwenye tanuri, wengi husita. Hata amri hiyo ina kazi yake: inamfundisha mchezaji namna ya kutumia tanuri, maarifa atakayoyahitaji katika pambano la mwisho. Moyo ule, ambao leo unauzwa kwenye fulana na vikombe, haukuwekwa kama pambo. Uliwekwa kutatua kasoro iliyoonekana mchezaji alipokuwa akicheza, na hisia zilizofuata zilijengwa juu ya kazi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kuanza na kazi na mipaka ni kuua ubunifu, kwamba kijana aachwe awaze atakavyo. Hofu hiyo naielewa, hasa mahali ambapo shule imezoea kukaririsha. Lakini mipaka ndiyo iliyozaa matundu ya Narbacular Drop. Binti yule angeweza kuruka, huenda mchezo wake ungepotea miongoni mwa mamia mengine yanayofanana. Tazama pia The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2017. Wabunifu wake waliviwekea vitu tabia za malighafi yake. Rungu la mti hushika moto. Upanga wa chuma huvuta radi wakati wa dhoruba, kwa hiyo mchezaji aliyeuvaa mgongoni hulazimika kuuvua haraka asije akapigwa. Mchezaji mwerevu ataenda mbali zaidi: atautupa upanga huo karibu na adui na kuiacha radi imalize kazi. Mbinu hiyo haikuhitaji chombo chenye nguvu za kichawi. Ilihitaji wabunifu walioheshimu tofauti kati ya mti na chuma, na hivyo kumwachia mchezaji nafasi naye awe mbunifu.

Pingamizi zito zaidi ni la soko. Fortnite huchezwa bure na hujipatia fedha nyingi kwa kuuza mavazi na mapambo ambayo hayampi mnunuzi nguvu yoyote. Counter-Strike nayo imekuwa na biashara kubwa ya rangi na nakshi za bunduki tangu mwaka 2013. Je, hapo sura haijaishinda kazi? Sidhani. Mavazi hayo yana kazi, ila kazi yake haihusu kupigana: yanamtambulisha aliyevaa mbele ya wenzake, kama kanga yenye jina inavyosema kwa niaba ya mvaaji. Ndiyo sababu huuzika zaidi pale ambapo watu wanacheza pamoja na kuonana. Mwanafunzi anayetaka kubuni mapambo ya namna hiyo anatakiwa kujiuliza swali lilelile: yatamfanyia nini anayeyavaa, na mbele ya nani?

Mfano ulio karibu nasi ni Tales of Kenzera: ZAU, gemu la mwaka 2024 lililoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliliwaza baada ya kufiwa na baba yake. Linaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Kijana Zau anataka kumrudisha baba yake kutoka kwa mungu wa kifo, na silaha zake ni vinyago viwili vilivyotengenezwa na baba huyohuyo. Kinyago cha Jua humwezesha kupigana kwa moto, ana kwa ana. Cha Mwezi humwezesha kushambulia kutoka mbali. Mchezaji hubadilisha kimoja kwa kingine katikati ya pambano, mara nyingi mno, na kila anapobadilisha anatumia kazi ya mikono ya marehemu. Vinyago hivyo ni vizuri kwa macho, lakini vingetundikwa tu ukutani kama mapambo ya mandhari, huzuni ya hadithi isingemfikia mchezaji vidoleni.

Huu ndio mtego ninaouona kwa vijana wetu wanaotamani kuingiza urithi wa Waswahili kwenye magemu. Kuchora siwa ya Pate, lile baragumu la pembe za ndovu lililo refu kuliko mtu mzima na ambalo lilipulizwa ubavuni, ni rahisi kwa mwenye mkono mwepesi. La maana zaidi ni kujua kwamba siwa haikupulizwa ovyo. Ilikuwa ya watawala na shughuli kubwa. Hapo ndipo kanuni ya mchezo ilipo tayari: chombo kinachoita mji mzima, ambacho mchezaji hana haki ya kukipuliza mpaka aipate.

Wala vifaa si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Programu za Blender, ya kuunda michoro, na Godot, ya kutengenezea magemu, hupatikana bure, na kazi ya mwanzo haizihitaji hata hizo. Kitu kinaweza kuwakilishwa na boksi la kijivu lisilo na rangi, au na kipande cha karatasi juu ya meza. Mwalimu ampe mwanafunzi mwingine boksi hilo bila maelezo, kisha aliyelibuni akae pembeni kimya na kuandika kila anachokiona: mwenzake amelishika wapi kwanza, amejaribu nini ambacho hakikutarajiwa, amelichoka lini. Michoro isubiri mpaka maandishi hayo yasomwe, na alama zianze kutolewa hapo.