Kutoka Godauni Hadi Makazi: Majengo ya Mombasa Yanayoongoza

Mombasa ni mji uliozoea kubadilisha kazi ya majengo yake. Ngome imekuwa jela, jela ikawa makumbusho, na Mahakama ya Kale ya mwaka 1902 sasa ni ukumbi wa maonyesho. Kilicho adimu ni godauni au kiwanda kilichogeuzwa kuwa nyumba ya kuishi watu. Nimeyapanga hapa majengo yanayoongoza, kila moja kwa sifa yake, na pale kisiwa kisipotosha nimevuka bahari. Nia yangu siifichi: nataka magodauni ya Shimanzi na Kilindini yahesabiwe miongoni mwa nyumba ambazo mji huu unazihitaji.

Lililobadilishwa kazi mara nyingi zaidi

Hapa Ngome ya Yesu haina mpinzani. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan. Waomani wakaizingira tangu Machi 1696, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Wamazrui waliotawala Mombasa katika karne ya 18 wakaifanya maskani yao. Sultani Said bin Sultan wa Oman akaitwaa mwaka 1837, Waingereza wakaigeuza jela mwaka 1895, na mwaka 1958 ikatangazwa kuwa turathi ya kulindwa. Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ukatoa fedha za ukarabati, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kila mwenyeji mpya alirithi kuta za aliyemtangulia akajenga ndani yake, na huo ndio msingi wa kazi yoyote ya namna hii.

Kongwe zaidi kwa kuunganisha kazi na makazi

Wapo wanaodhani kuishi juu ya ghala ni mtindo uliotoka London au New York. Waende Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale. Nyumba za wafanyabiashara zilizojengwa huko katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zina duka au stoo chini, familia juu, na roshani ya mbao inayotazama njia. Majahazi yaliingia Bandari ya Zamani na kaskazi yakiwa na tende na mazulia, yakangoja kusi ili yarudi na boriti, na mali ilihitaji pa kulala miezi hiyo yote. Ililala chini ya sakafu ya mwenyewe.

Ukuta wa nyumba hizi ni vipande vya matumbawe vilivyoshikwa kwa chokaa, unene wake kama nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki nafasi kubwa bila kupinda, upana wa chumba cha asili hauzidi kama mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Anayekarabati leo hutamani kubomoa ukuta wa kati apate sebule pana, na hapo ndipo nyumba huanza kupasuka.

Adui mwingine ni saruji. Simama kando ya ukuta wa matumbawe uliopigwa plasta ya saruji, katika kichochoro chochote kilicho karibu na maji. Kwa chini, usawa wa goti, rangi imefura malengelenge. Gonga kwa kidole utasikia uwazi. Bandua kipande utakuta unga mweupe wa chumvi, na nyuma yake jiwe lenye unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini. Chokaa huyaacha yatoke, saruji huyafungia ndani yakaila jiwe. Fundi anayeijua kazi hukwangua saruji yote, akauacha ukuta ukauke kwa miezi, ndipo akapiga lipu ya chokaa iliyorowekwa muda mrefu. Mwenye nyumba aambiwe mapema kwamba haraka hapa haina baraka.

Iliyopokea wageni mashuhuri zaidi

Leven House, iliyo juu ya maji ya Bandari ya Zamani, imechukua jina la meli ya kivita ya Kapteni Owen aliyefika mwaka 1824. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyewasili Mombasa mwaka 1844, ni miongoni mwa waliopata kukaa humo, na baadaye ilitumika kwa shughuli za ofisi. Ilichakaa vibaya kabla ya kukarabatiwa katika miaka ya 1990. Chini yake ngazi zilizochongwa ndani ya jabali hushuka hadi kisima kilicho karibu na ufuo.

Mfano ulio karibu zaidi na tunachokitaka

Huu uko Unguja. Jengo la Extelecoms huko Shangani lilikuwa la mawasiliano ya simu za kebo. Kebo ya chini ya bahari ilifika kisiwani mwaka 1879. Taasisi za Aga Khan zililikarabati, na mwaka 1997 likafunguliwa kuwa hoteli ya Serena. Hoteli ni makazi ya siku chache tu, lakini ufundi ni uleule: kupitisha mabomba ya bafu katika kuta ambazo hazikujengwa kwa bafu, na kufanya hivyo bila kuzichimba hadi zikadhoofika.

Makubwa kuliko yote

Kwa ukubwa, Vienna inashinda. Matangi manne ya gesi yaliyojengwa kati ya 1896 na 1899, kila moja likibeba mita za ujazo 90,000, yalikamilika kubadilishwa mwaka 2001 yakiwa na mamia ya nyumba za kuishi. Kuta za matofali za nje ziliachwa, nyumba mpya zikasimamishwa ndani yake.

Afrika haiko nyuma. Silo ya nafaka ya bandari ya Cape Town, yenye urefu wa mita 57, ilifunguliwa mwaka 2017 kuwa jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, na juu yake kuna hoteli. Johannesburg ilitangulia: mwaka 2014 silo za nafaka za Newtown zilitobolewa madirisha, zikaongezewa makontena kwa juu, zikawa mabweni ya wanafunzi. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu wanaolala humo ni vijana wa kawaida wanaolipa kodi ya kawaida.

Yenye nafasi kubwa zaidi kwetu

Gati mbili za kwanza za maji ya kina huko Kilindini zilikamilika mwaka 1926, na biashara ya meli kubwa ikahamia upande huo wa kisiwa pamoja na maghala yake. Tangu mwaka 1969 Mombasa ndipo penye mnada wa chai, ambao leo ndio mkubwa zaidi duniani kwa chai nyeusi, na chai hailali nje. Kadiri mizigo inavyosafiri kwa makontena, na tangu reli mpya ianzie Miritini mwaka 2017, uzito wa biashara unazidi kuelekea bara.

Magodauni ya Kilindini na Shimanzi yana faida ambayo nyumba ya matumbawe haina: paa la chuma huvuka upana mkubwa bila ukuta wa kati, na sakafu imezoea uzito wa magunia. Yana kasoro pia. Katikati ni giza, mabati hugeuza mchana kuwa tanuri, maji taka hayana njia, na mapaa mengine ni ya asbesto, ambayo lazima iondolewe na wenye leseni. Dawa ya giza na joto tunayo tangu zamani: fungua paa katikati upate ua, vyumba viuzunguke ua huo kama katika nyumba za Mji wa Kale, na upepo wa kusi upitishwe ndani.

Kwa hiyo, mwenye godauni kisiwani, kabla hujaita tingatinga, mwite mhandisi akupimie nguzo na paa. Kama jengo lako liko Mji wa Kale, anzia ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na serikali ya kaunti itoe orodha ya magodauni yaliyo tupu, ili anayetafuta mahali pa kujenga nyumba ajue pia mahali palipojengwa tayari.