Siri ya Jiko la Chuma ni Bomba Lake

Msomaji, huenda umepata kuona katika nyumba kuukuu za walowezi, kule nyanda za juu, jiko zito la chuma lenye mlango mbele na bomba linalopenya hadi nje. Majiko ya namna hii yaliwapasha joto watu wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na wengine wanayatumia hadi leo.

Kabla yake, watu walikoka moto katika meko ya ukutani. Joto jingi lilipaa pamoja na moshi, na mwenye kuota moto aliungua magoti huku mgongo ukitetemeka. Mnamo 1742 hivi, Benjamin Franklin wa Philadelphia, akiona kuni zinazidi kuwa ghali, alibuni jiko la mabamba ya chuma. Gavana alipotaka kumpa haki ya kuliuza peke yake, alikataa. Hata hivyo jiko hilo lilikuwa na ila: moshi ulilazimika kushuka kabla ya kupanda, ukawa unarudi chumbani. Waliomfuata walilirekebisha bomba.

Kwa nini chuma? Chuma kinene kilichomiminwa katika kalibu hutoa joto pande zote, na moto ukizimika hakipoi upesi. Mlango ukifungwa na hewa ikipunguzwa, kuni huwaka polepole.

Lakini siri kubwa si chuma, ni lile bomba. Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Baridi ya Julai ikibisha, jiko la makaa huingizwa katika chumba cha kukodi, dirisha likafungwa, watu wakalala. Tunadhani makaa yaliyokolea hayana madhara kwa kuwa hayatoi moshi. Kumbe yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hutwaa nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala aweza kufa bila kuamka. Hata jiko la chuma huua bomba lake likiziba kwa masizi.

Basi, usilale na jiko linalowaka. Ukiumwa kichwa, ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu karibu na makaa, fungua mlango, watoe watoto nje, kisha nendeni hospitalini. Baridi ikizidi, ongeza blanketi. Tahadhari kabla ya hatari.